Kamshafti tatu, injini moja: ipi ya barabarani, ipi ya dragi (mbio fupi za mstari mnyoofu), na ipi ya kote kuwili?

Ukitaka kuiharibia injini raha yake yote bila kuvunja hata boliti moja, iwekee kamshafti (mhimili wenye nundu zinazofungua valvu) kubwa kuliko inavyohitaji. Ikiwa imesimama itanguruma kwa madaha na watu watageuka kuitazama. Taa ikiwaka kijani, itasitasita kama imeshikwa kwikwi mpaka gari dogo la familia likupite. Makosa haya hutokea kila siku kwa sababu wengi huchagua kamshafti kwa sikio, au kwa namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi. Kwa kweli ndicho kifaa cha kuamuliwa mwisho, ukishajua mgandamizo wa injini, gia, uzito wa gari, na mizunguko ambayo injini itakaa humo muda mwingi.

Ulinganisho hauna maana kama injini si ileile. Nimechukua V8 ya Chevrolet ya inchi za ujazo 350, yaani lita 5.7, kwa kuwa vipimo vyake havina siri: kipenyo cha silinda milimita 101.6, safari ya pistoni milimita 88.4, konrodi ya milimita 144.8. Tuseme mgandamizo wake ni 9.5 kwa 1, ina kabureta, heda (mabomba maalumu ya kutolea moshi), na gia otomatiki ya Turbo-Hydramatic 350 yenye gia tatu. Kamshafti zenyewe ni za mfano, lakini ukifungua katalogi yoyote utakuta ndugu zao.

| | Ndogo | Ya kati | Kubwa |
|---|---|---|---|
| Nyuzi (digrii) valvu ikiwa wazi, kipimo cha inchi 0.050 (kuingiza/kutoa) | 218/224 | 230/236 | 248/254 |
| Nyuzi zinazotangazwa | 268/274 | 280/286 | 300/306 |
| Pembe kati ya nundu mbili | 112 | 110 | 108 |
| Kilele cha nundu ya kuingiza, baada ya pistoni kufika juu | 108 | 106 | 104 |
| Nyuzi ambazo valvu zote mbili zimefunguka pamoja | 47 | 63 | 87 |
| Valvu ya kuingiza inafunga baada ya pistoni kufika chini | 62 | 66 | 74 |
| Mgandamizo unaobaki baada ya valvu kufunga | 7.8 | 7.5 | 7.0 |
| Mizunguko kwa dakika inakofanya kazi vizuri | 1,500–5,500 | 2,300–6,200 | 3,500–7,000 |

Kwanza, jinsi ya kuzisoma. Kamshafti huzunguka mara moja kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni) ikizunguka mara mbili, lakini nyuzi zote kwenye karatasi ni za kranki. Muda wa valvu kuwa wazi huandikwa kwa namna mbili. Ule unaotangazwa huanza kuhesabiwa tapeti (kipande kinachosukumwa na nundu) inapoanza tu kunyanyuka, mara nyingi kwenye inchi 0.006, ingawa kila mtengenezaji ana utaratibu wake. Ule wa pili huanza tapeti ikishapanda inchi 0.050, yaani milimita 1.27. Kwenye injini za Kijapani utakuta pia kipimo cha milimita 1. Kwa hiyo usichukue 272 ya huyu ukaipambanisha na 230 ya yule. Ukitaka kulinganisha kamshafti za watengenezaji wawili, tumia kipimo cha 0.050. Na zikilingana hapo huku moja ikiwa na namba ndogo zaidi ya kutangazwa, basi hiyo hunyanyua na kushusha valvu kwa ukali zaidi. Nguvu utapata, ila springi za valvu ndizo zitakazolipa.

Kimo cha kunyanyua valvu sikukiweka kwenye jedwali kwa makusudi. Ndicho kinachozungumzwa sana na ndicho chenye uzito mdogo katika uamuzi huu. Kimo cha nundu huzidishwa kwa uwiano wa roka, mkono unaoisukuma valvu: nundu ya inchi 0.320 kwa roka ya 1.5 inatoa 0.480, na kwa roka ya 1.6 inatoa 0.512. Kama njia za hewa kwenye silinda hedi haziongezi mtiririko baada ya milimita 12, kuipeleka valvu milimita 14 ni kutesa springi bure.

Sasa mstari ambao mimi huutazama kabla ya mingine: ule wa valvu ya kuingiza kufunga. Pistoni ikishafika chini huanza kupanda, lakini valvu ya kuingiza bado iko wazi. Katika mizunguko mingi hilo ni jema, kwa sababu hewa inayokuja kwa kasi ina msukumo wake na huendelea kujaza silinda hata pistoni ikipanda. Katika mizunguko michache hewa haina msukumo huo, kwa hiyo pistoni huirudisha ilikotoka. Mgandamizo wa kweli huanza valvu ikishafunga.

Hesabu yake ni ya jiometri tu. Kwa kamshafti ndogo, valvu inapofunga nyuzi 62 baada ya pistoni kufika chini, pistoni imebakiwa na karibu asilimia 80 ya safari yake kwenda juu, na 9.5 yako inakuwa 7.8. Kwa ile kubwa, inayofunga nyuzi 74, safari iliyobaki ni asilimia 71, na 9.5 inashuka hadi 7.0. Injini ni ileile, pistoni ni zilezile, lakini chini kule imekuwa injini dhaifu. Ndiyo maana mtu anafunga kamshafti ya mashindano kwenye injini ya kawaida halafu analalamika kwamba gari limekuwa zito. Kuirudisha kubwa hii kwenye 7.8 kunadai mgandamizo wa 10.5 kwa 1, na wanaokimbia nayo huenda zaidi ya hapo, huku wakitafuta petroli inayostahimili. Pistoni mpya, au hedi kuchongwa, au gasketi nyembamba zaidi: gharama hiyo ni sehemu ya kamshafti kubwa hata kama haikuandikwa kwenye boksi.

Angalia pia kwamba kutoka ndogo kwenda ya kati tumeongeza nyuzi 12, lakini valvu inafunga nyuzi 4 tu baadaye. Nusu ya nyuzi hizo huenda upande wa kufunguka, na pembe kati ya nundu ilipopungua, nundu ya kuingiza imesogea mbele nyuzi 2. Ndiyo sababu mtu akikuuliza "kamshafti yako ni ngapi?" ukamjibu kwa namba moja, hamjaambiana kitu.

Valvu mbili kuwa wazi pamoja

Mwisho wa pistoni kutoa moshi, valvu ya kuingiza imeshaanza kufunguka kabla ya ile ya kutoa kufunga. Hapo ndipo mngurumo ule wa kudundadunda unapozaliwa. Injini ikiwa imetulia, sehemu ya moshi hurudi upande wa hewa, mchanganyiko unachafuka, silinda nyingine zinawaka vizuri na nyingine zinakosa. Unganisha kipimo cha uvutano kwenye manifoldi ya hewa utaona. Kwa kamshafti ndogo mshale unasimama karibu tuli. Kwa ile ya nyuzi 87 unatetemeka, na unaweza kusoma inchi 8 au 10 za zebaki tu. Haidrovaki ya breki, kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga, inategemea uvutano huo. Ukiwa mdogo, pedali inakuwa ngumu pale hasa unapoihitaji, kwenye foleni, mguu wa mafuta ukiwa juu. Watu hufunga pampu ya umeme ya kuvuta hewa, au tangi dogo la akiba, au huondoa kabisa haidrovaki. Kwa gari linalobeba watoto, hilo la mwisho silishauri.

Mizunguko ikiwa mingi, kitu hichohicho kinageuka kuwa faida. Moshi unaotoka kwa kasi kwenye heda huacha uvutano nyuma yake, na uvutano huo huanza kuvuta hewa mpya kabla pistoni haijaanza kushuka. Lakini lazima njia ya moshi iwe wazi. Ukiweka kamshafti ya nyuzi 87 na kubakiza ekzosi nyembamba ya kiwandani, umenunua kasoro zote na kuacha faida kwenye boksi.

Barabarani

Chukua tairi lenye kipenyo cha milimita 660. Kwa kilomita 100 kwa saa, gurudumu linazunguka takriban mara 800 kwa dakika. Difu (gia za mwisho kwenye ekseli) ya 3.08 inaipa injini mizunguko 2,470. Difu ya 3.73 inaipa karibu 3,000. Difu ya 4.10 inaipa 3,290, na konveta (kiungo cha oili kati ya injini na gia otomatiki) ikiteleza kidogo inaongeza nyingine juu yake.

Tazama namba hizo tena ukiwa na jedwali. Kamshafti ndogo na difu ya 3.08 ni wenzi: kwa 2,470 injini iko ndani kabisa ya eneo lake, unakanyaga kidogo na gari linaitika. Kamshafti kubwa na difu hiyohiyo ni balaa, kwa sababu utasafiri siku nzima chini ya 3,500 inakoanza kuamka, ikila mafuta na kuchafua plagi. Hata ukiiwekea difu ya 4.10, safari ndefu itakuwa ya makelele kwa mizunguko ambayo bado haijafika inapopenda. Gia yenye ovadraivu huwapumzisha wa kati: kwa uwiano wa 0.70, difu ya 4.10 inashuka hadi mizunguko 2,300 hivi. Kwa kamshafti ya kati inavumilika. Kwa kubwa, haitoshi.

Uzito nao usisahaulike. Gari zito linataka toki, yaani nguvu ya kuzungusha, mapema. Gari jepesi husamehe kamshafti kubwa kwa sababu halihitaji nguvu nyingi kuanza kutembea.

Mita 402

Kwenye dragi mambo yanageuka, lakini si kwa kiasi wengi wanachodhani. Anayeshinda si yule mwenye namba kubwa zaidi kwenye kilele cha daino, mashine ya kupima nguvu za injini. Ni yule ambaye injini yake haitoki nje ya eneo lake lenye nguvu tangu taa hadi mstari wa mwisho, na kinachoitoa nje ni kubadili gia.

Gia yetu ya Turbo-Hydramatic 350 ina uwiano wa 2.52, 1.52 na 1.00. Ukibadilisha kutoka ya kwanza kwenye mizunguko 6,500, injini inaanguka hadi 3,920. Ukibadilisha kutoka ya pili, inaanguka hadi 4,280. Kamshafti kubwa inaanza kazi 3,500, kwa hiyo bado iko salama, ingawa kwa pumzi chache. Ya kati ukiibadilisha 6,000 inaanguka hadi 3,620, na hapo iko katikati ya nguvu zake. Ndiyo maana kwenye gari la gia tatu ya kati huweza kuifukuza kubwa kwa karibu kuliko karatasi ya daino inavyosema. Gia zikiwa nyingi na zimekaribiana, injini haianguki sana, na hapo kubwa ndipo inapopata uhuru wake.

Kuna na ule wakati wa kuondoka. Konveta ndiyo inayoamua injini itapanda hadi wapi kabla gari halijasukumwa kwa nguvu zote. Ya kawaida ya kiwandani inaridhika na kamshafti ndogo. Ya kati inataka inayoshika kwenye 2,800 au 3,000. Kubwa inataka karibu 4,000, vinginevyo mita za kwanza utazitambaa, na mita hizo ndizo unazolipa mpaka mwisho. Kama mbio zenu ni za mita 201, mwanzo una uzito zaidi bado, na mimi ningesogea upande wa ndogo bila kuona haya.

Kwa gari la kote kuwili, basi, msimamo wangu ni huu. Kama uko tayari kubadilisha konveta na kuweka difu ya 3.73, chukua ya kati. Kama hutaki kugusa konveta wala difu, chukua ndogo na usione umepunjwa. Kubwa ni ya mtu ambaye mgandamizo wake umeshapanda, difu yake inaanzia 4.10, na barabara ya kawaida kwake ni njia tu ya kufika uwanjani. Ukijikuta unasita kati ya mbili, sogea chini. Tamaa mbele, mauti nyuma. Na katika biashara hii mauti huja polepole, kila unapotoka kwenye taa.

Injini ikiwa ya aina nyingine

Nyuzi hazina maana bila ukubwa wa injini. Kamshafti ya 230 kwa 0.050 iliyo ya kati kwenye lita 5.7 inakuwa pole kwenye V8 ya lita 7.4, kwa sababu kila silinda inameza hewa nyingi zaidi kupitia valvu zisizokua kwa kiasi hichohicho. Injini yenye valvu nne kwa silinda nayo ina hesabu zake: njia zake hupitisha hewa nyingi hata valvu ikiwa haijanyanyuka sana, kwa hiyo haihitaji kuiacha wazi muda mrefu hivyo.

Honda waliutazama mgongano huu wa chini na juu wakaamua wasichague. Mwaka 1989 walileta injini ya B16A yenye VTEC: nundu za mizunguko michache na nundu kali za mizunguko mingi kwenye kamshafti moja, na pini za kusukumwa na oili kuhama kutoka hizi kwenda zile. Ukiwa na injini ya namna hiyo, unaponunua kamshafti unanunua mbili, na pia unapaswa kuseti upya mahali zinapobadilishana.

Tabo inabadilisha kanuni. Shinikizo la moshi kabla ya tabo mara nyingi ni kubwa, kwa hiyo ukiacha valvu mbili wazi pamoja kwa muda mrefu, moshi unarudi ndani badala ya hewa kuingia. Pembe kati ya nundu hupanuliwa, 112 hadi 115 ni kawaida, na nyuzi hazihitaji kuwa nyingi. Kwa naitrasi (gesi ya kuongeza nguvu), upande wa kutoa ndio unaoongezwa, kwani moshi wa kutolewa ni mwingi ghafla. Injini za sindano za mafuta zenye kompyuta nazo hupenda pembe pana, hasa zile zinazokisia hewa kwa uvutano wa manifoldi, maana mshale unaotetemeka huichanganya kompyuta kama unavyomchanganya fundi.

Tapeti gani?

Hapa ndipo bajeti nyingi huzama. Tapeti bapa za haidroliki ni rahisi na kimya, na kamshafti ndogo inazitosha. Udhaifu wake ni kuzaliwa: nundu mpya na tapeti mpya lazima zizoeane. Kawaida injini huwashwa na kushikiliwa kati ya mizunguko 2,000 na 2,500 kwa dakika 20 hadi 30, bila kuachwa itulie, kwa oili yenye zinki na fosforasi ya kutosha. Oili nyingi za kisasa zimepunguziwa viungo hivyo ili kulinda kichujio cha moshi. Ukikosea, dalili huanza kwa roka moja kutoa mlio hata baada ya kusetiwa. Ukitoa tapeti unakuta sehemu yake ya chini, iliyokuwa na mbinuko mdogo mno, imebonyea kama kisahani, ncha ya nundu imeviringika, na ndani ya oili kuna unga wa chuma unaometameta.

Tapeti za roli za haidroliki zinaepuka hilo. Zinaruhusu valvu kunyanyuliwa kwa kasi zaidi kwa nyuzi zilezile, kwa hiyo unapata nguvu za juu bila kupoteza za chini. Kwa gari la kote kuwili, ningeacha kununua rimu ili nipate hela ya roli. Mpaka wake ni mizunguko kama 6,500. Juu ya hapo uzito wa roli na oili iliyo ndani huanza kuleta vurugu, labda springi na vifaa vingine viwe vya daraja la juu.

Tapeti za kusetiwa kwa mkono, bapa au za roli, ni za ile kubwa. Zinafika juu bila wasiwasi, lakini zinataka uzipime mara kwa mara kwa filagoji. Za roli zenye springi kali zina jambo moja zaidi: sindano ndogo ndani ya roli hutegemea oili inayorushwa na kranki, na injini inayotulia kwa muda mrefu kwenye foleni hairushi oili ya kutosha. Ukizitumia barabarani, nunua zile zenye tundu maalumu la kuzipelekea oili.

Kabla ya kufunga kava

Springi zinunuliwe pamoja na kamshafti, za mtengenezaji aliyeipendekeza. Valvu ikiwa wazi kabisa, springi ibakiwe na takriban milimita 1.5 kabla mizunguko yake haijagusana. Kisha hakikisha kamshafti imekaa ulipoagiza. Watengenezaji wengi huisogeza mbele nyuzi 4 kiwandani, na mtu asiyejua huongeza nyingine 4 kwenye gia ya taimingi. Kuisogeza mbele kunaongeza nguvu za chini, kuirudisha nyuma kunaongeza za juu, na yote mawili hubadilisha umbali kati ya valvu na pistoni.

Umbali huo upime kwa udongo wa kuchezea watoto. Bandika kipande juu ya pistoni, paka oili kidogo kwenye valvu ili usinate, funga hedi kwa gasketi yake, seti roka, zungusha kranki kwa mkono mara mbili kamili. Fungua, kata udongo kwa wembe katikati ya alama ya valvu, pima unene pale ulipo mwembamba zaidi. Upande wa kuingiza usipungue milimita 2.0, upande wa kutoa 2.5. Tapeti za haidroliki zitakudanganya hapa kwa kubonyea, kwa hiyo tumia ngumu za muda kwenye silinda unayopima, au springi nyepesi. Ukikuta milimita 1.3 upande wa kutoa, rudisha kamshafti dukani au peleka pistoni zikachongwe.